Ngazi ya Mama Mkwe

Kitanda kilikuwa cha chuma, rangi ya kijani, na juu ya nguzo zake nne kulikaa vifundo vya shaba vikubwa kama mayai ya bata. Naanza na kitanda makusudi. Watu wanaonijua huanza na gari, na wakianza na gari wananisifu mpaka wanasahau kilichotokea.

Alikinunua mama mkwe wangu kwa pamba yake mwenyewe, si ya mumewe, akampa binti yake nilipomwoa. Kilitoka kwao, upande wa Nkome, kando ya ziwa, kimefungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda kusubiri lori barabarani, na njiani kikaanguka. Kifundo kimoja kikabonyea ubavuni, pakabaki shimo la kuenea kidole gumba. Mama mkwe alikuwa anaufuata mkokoteni kwa miguu. Akakifuta kile kifundo kwa kanga yake, akasema haidhuru, kitanda kisicho na alama hakina mwenyewe. Hayo niliambiwa, sikuwepo. Ningeyakumbuka yangenifaa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Hilo la tatu lenyewe nililifikia kwa sababu mwalimu alikuwa na pikipiki, na mimi ndiye niliyekuwa naisukuma mpaka iwake. Siku alipohamishwa na pikipiki yake, na mimi masomo yangu yakahama. Nikaenda kuosha malori ya pamba Shinyanga, nikiosha naangalia chini, nikiangalia chini nauliza. Kufika katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na gereji yangu Kahama, ya mabati na magogo, na magari ya wachimbaji yalikuwa yanapanga foleni kutoka machimboni kote. Walikuwepo mafundi wenye vyeti. Vyeti vyao vilining'inia ukutani, na magari yao yalining'inia nyuma ya yangu kwa mnyororo, yakivutwa.

Gari langu lilikuwa la Kiingereza, kuukuu, lile la bodi ya bati lisiloshika kutu na lenye mabenchi nyuma, la kuvuta kwa miguu yote minne. Nililipata limekufa. Kwenye injini panya walikuwa wamezaa, wajukuu wapo. Nikalifufua, halafu nikaona kulifufua peke yake si sifa, hata daktari anafufua. Nikataka kulipandisha.

Ninyi mnaopita lami siku hizi hamtaelewa. Zama zile mvua ikinyesha, mbuga ya udongo mweusi kati ya Kahama na Geita ilikuwa inashika gari kama kumbikumbi kwenye ugali. Gari la chini linakalia tumbo, magurudumu yanazunguka hewani, mwenyewe anabaki anapiga honi. Kwa hiyo nilichukua majani ya springi ya lori lililopinduka, nikayapachika chini ya majani ya gari langu, mbele na nyuma, nikatafuta yubolti ndefu za kuyabana. Gari likasimama wima. Lakini ukipandisha gari, propela shafti inalala vibaya, inaanza kutetemeka, na krosi zake hazimalizi mwezi. Nikachonga kabari za chuma, nikazisukumia chini ya springi, ekseli ikainua pua kidogo, mtetemo ukakoma. Sikuyasoma mahali. Niliyasikia kwa makalio, nikiendesha.

Watu wakaliita Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Wala halikuwa gari la maonyesho. Nilikuwa nalo kila siku. Lilipeleka mahindi mashineni, lilipeleka wagonjwa hospitali, lilipeleka gia boksi maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, na Jumapili lilipeleka kwaya kanisani. Kuingia tu ndiko kulikuwa na kazi. Wanakwaya walikuwa wanapandana mabegani kama watu wanaoezeka nyumba.

Mhindi aliyekuwa ananiuzia bolti na nati, mzaliwa wa Kahama huyo, Kisukuma chake kinanishinda mimi, alisimama mlangoni pa duka lake akaniangalia nikishuka.

"Fundi," akasema, "ukiongeza jani moja tena, uombe kibali cha kutua."

"Wewe uza bolti."

"Nauza. Ila mke wako anapandaje?"

Sikumjibu, kwa sababu mke wangu alikuwa anapanda kwa kukanyaga goti langu, na hilo halikuwa la kusemea barabarani.

Lililokuwa limebaki ni bampa na keria ya juu. Duka la Mhindi lilikuwa na chuma, siwezi kumsingizia. Lakini chuma cha dukani ni bati lililojikunja likajiita chuma. Chuma ninachokiheshimu mimi ni kile cha zamani, kinene, ambacho ukikigonga kinaimba. Na ndani ya nyumba yangu palikuwa na chuma cha namna hiyo. Nilikuwa nakisikia kikiimba kila nikijigeuza.

Mke wangu alikwenda msibani, akakaa juma zima. Siku ya kwanza nilikata mguu mmoja tu, nikaweka tofali. Nilitaka kuona kinavyokatika. Siku ya pili nikaona kitanda cha miguu mitatu hakina heshima tena, nikamalizia. Mbavu zake ndefu zikawa bampa. Vyuma vya katikati vikawa keria. Nguzo moja ya miguuni, na kifundo chake, nikaichomelea wima kando ya mlango wa nyuma iwe mshikio wa kupandia. Kifundo kimoja nikakitia kwenye kopo la nati, viwili vya kichwani nikavisimamisha kwenye pembe za bampa, ili dereva akiwa juu kule aone gari linapoishia. Hata leo nasema lilikuwa wazo zuri. Kichwa cha kitanda peke yake, kile chenye vyuma vya kulala na ua la chuma katikati, nilikiegemeza nyuma ya gereji. Vyote nikavipaka rangi nyeusi, na kwa kuwa rangi haikutosha niliizidisha kwa oili chafu ya injini. Rangi ya namna hiyo inang'aa sana. Haikauki, lakini inang'aa.

Mke wangu aliporudi alikuta godoro sakafuni. Akatoka nje. Akalizunguka gari taratibu, akagusa bampa, akatazama vifundo.

"Kimekaa vizuri," akasema.

Nikadhani ananisifu. Nikamweleza habari za bampa, nikamweleza na zile kabari za springi, kwa sababu alikuwa hajawahi kuuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akakunja godoro, akalifunga kwa kamba, akajitwika, akaenda stendi.

Miezi miwili nililala kwenye benchi la gari. Nataka niseme ukweli: siku za mwanzo nilijiambia atarudi, mwanamke hawezi kukaa mbali na fundi. Juma la tatu nikaanza kuzungumza na jeki. Ugali wangu nilikuwa napika mwenyewe, unatoka kama grisi. Nikampa ujumbe mchuuzi wa dagaa aliyekuwa anakwenda Nkome: nimekosa, nataka mke wangu. Mchuuzi akarudi na majibu, akayatoa mbele ya wateja wangu bila kupunguza sauti.

"Mama mkwe wako anasema, njoo umchukue. Ila naye anakuja. Anasema anataka aone kwa macho yake mwanawe analala wapi, ndipo aamue kama anamwacha au anarudi naye."

"Na mke wangu amemwambia nini?"

"Hajasema kitu. Wakimwuliza sababu anajibu, mwulizeni yeye."

Nikaenda dukani kwa Mhindi kutafuta akili, maana yangu ilikuwa imekwisha.

"Nunua kitanda kingine," akasema.

"Atauliza cha kwake."

"Sema kimeibwa."

"Kitanda cha chuma kinaibwaje ndani ya nyumba, watu wapo?"

"Wewe uliwezaje?"

Nikaondoka bila kununua kitu.

Na shida haikuwa kitanda peke yake. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Ukimwona njiani unaingia porini apite. Humshiki mkono, humtazami usoni, hamli pamoja, na neno likiwepo linapita kwa mtu wa tatu. Sasa mwanamke wa umri ule, mnene wa heshima, atapandaje Nzagamba? Goti langu hawezi kulikanyaga. Kumsukuma kwa nyuma, hata kulifikiria ni kosa. Na ngazi ya kudumu siwezi kuichomelea, kwa sababu ngazi inayoning'inia chini inakwama kwenye kila kichuguu, na kazi yote ya kupandisha gari inakuwa bure.

Nikatafuta ngazi ya kutundika na kutoa. Nikazunguka gereji nzima. Nyuma kule, kimeegemea ukuta, nikakuta kitu chenye vyuma vinne vya kulala, kila nafasi inatosha hatua ya mguu, imara, urefu kamili. Nikakigeuza juu chini ili ule upinde wenye ua uwe chini, nikachomelea ndoano mbili, nikapaka ile rangi yangu. Nikakitundika kwenye mlango wa nyuma, nikapanda, nikashuka, nikapanda tena. Nilifurahi sana. Sikufikiri kabisa. Fundi akiona chuma haoni kitanda.

Nilifika kwao jioni, nikalala kwa jirani kama inavyotakiwa. Asubuhi nikasimamisha gari nje ya mji wao, nikatundika ngazi, nikafunga pazia la kitenge kati ya mbele na nyuma, halafu nikaenda kusimama mbele ya injini, uso nimeuelekeza ziwani.

Mke wangu alikuja wa kwanza na godoro lake. Akalirusha juu ya keria, akalifunga. Tuliangaliana. Godoro lilikuwa limerudi juu ya vyuma vyake, na mtu mwingine wa kulijua hilo hakuwepo.

"Limepata mahali pake," akasema polepole.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini, fundi? Nitakuharibiaje safari?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mke wangu hakuja kunisaidia, amekuja kutazama.

Mama mkwe akatoka na kuku wa kutuletea, jike jekundu amefungwa miguu, na gunia la dagaa. Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu nikaamkia, yeye akaitikia marahaba huko aliko. Nikasikia ngazi inalia hatua moja, mbili, tatu. Mkono wake ukashika ile nguzo ya mlangoni ajivute. Gari likainama, likarudi. Mke wangu akagonga bati mara mbili, ndiyo ilikuwa alama yetu, nikaja nikachomoa ngazi nikaisukumia chini ya benchi.

Hatujafika mbali mama mkwe akataka kusema, akamtuma binti yake.

"Mwambie apunguze mwendo."

"Mama, mimi nimekuja kukaa," mke wangu akajibu. "Sikuja kutumwa. Semeni wenyewe."

Gari linaruka mashimo. Mwisho nikasikia mama mkwe anajisogeza.

"Kuku," akasema. "Mwulize huyo dereva kama hili gari lilitengenezwa kwa ajili ya watu au twiga."

Sikujua kama inaruhusiwa, lakini mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Kuku," nikasema nikitazama kioo cha mbele, "mwambie mama kwamba gari la chini mbuga inalimeza."

"Kuku, mwambie nimevuka hiyo mbuga kwa miguu tangu sijaolewa, haijanimeza."

Nikasikia mke wangu anakohoa ndani ya kanga.

Tukaendelea hivyo. Kuku alipelekeshwa asubuhi yote. Aliulizwa kwa nini dereva amekonda, akajibu kwamba ni kazi nyingi. Aliulizwa kwa nini dereva mwenyewe hakuja mapema kumfuata mkewe, akajibu kwamba alikuwa anatengeneza ngazi. Mwisho aliulizwa na habari za kitanda.

"Kuku, mwulize kile kitanda nilichompa mwanangu kinaendeleaje."

Nikakwepa shimo ambalo halikuwepo. "Kuku, mwambie mama kitanda kiko kazini kila siku."

"Kuku, hayo si majibu ya mtu mzima," akasema mama mkwe, na dagaa wakanuka zaidi.

Alikuwa anapenda kushuka. Geita alishuka kununua chumvi. Mbele kidogo alishuka kumsalimia binamu yake. Mahali pengine alishuka kunyoosha miguu tu. Kila mara ni ngazi, mimi kwenda kusimama mbele ya injini kama askari wa lindo, hatua tatu, mkono kwenye nguzo, mara mbili kwenye bati. Niliona amenizoea, moyo ukaanza kutulia. Nikapanga kwamba tukifika nitasema kitanda kiko kwa mpaka rangi, kinapakwa upya. Uongo mzuri una rangi ndani yake.

Mbuga tuliikuta imejaa maji. Basi la abiria lilikuwa limezama katikati hadi ngazi za mlango, watu wamesimama juu ya kichuguu, viatu mikononi. Wakaliona Nzagamba, wakapisha. Mmoja, mchimbaji kwa matope yake ya siku nyingi, akapaza sauti: "Mwenye twiga huyo anakuja." Nikatia gia ndogo, nikaingia. Nasema bila aibu, gari lilikwenda. Lilipita pembeni ya basi, tope kifuani, bomba linatoa mapovu, mimi nimekaa juu kama jaji. Bado hatua kama ishirini kufika ukavu, gurudumu la nyuma la kulia likaingia shimo la gurudumu la lori, likaanza kuzunguka bure.

Najua mtu asiyejua hapo angefanya nini. Angekanyaga mafuta. Mimi nilizima. Gurudumu linataka kitu cha kukanyaga, kigumu chenye meno. Nikashuka hadi mapajani, nikazunguka nyuma, nikasahau hata desturi, macho yangu yako kwenye tairi. Mke wangu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Nikavuta ile ngazi chini ya benchi, nikaigeuza, nikailaza mbele ya tairi na kuikandamiza kwa mguu mpaka ikalala sawasawa.

Mvua ilikuwa inadondoka na ile rangi yangu, niliyosema haikauki, ikaanza kuondoka. Pale chini, ikiwa imelala na siyo kusimama, haikuwa tena ngazi. Ilikuwa na nguzo huku na huku, na upinde kwa juu, na katikati ya upinde lile ua la chuma, la kijani, linaoshwa na mvua.

Juu kule benchi likalia, mtu anasimama.

"Kuku," sauti ya mama mkwe ikaja polepole. "Mwulize huyu mwanaume ua lile amelichuma wapi."

Nilitazama tope. Halafu nikatenda kosa, nikainua macho. Mama mkwe amesimama mlangoni ameshika nguzo, ametazama kiganja cha mkono wake wa pili, ni cheusi kama cha fundi. Akaondoa na ule mwingine kwenye nguzo. Kifundo kilikuwa kimetakata. Kutwa nzima ya kupanda na kushuka alikuwa amekisugua kwa mkono, rangi yote imehamia kwake, shaba inawaka. Na ubavuni kile kibonyeo, ambacho gumba lake lilikuwa limekaa ndani yake tangu asubuhi.

"Wewe," akasema.

Ukiacha marahaba, lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe tangu nimwoe binti yake. Kwa desturi mmoja wetu alipaswa kutoa mbuzi wa faini. Nani, sikuuliza.

"Kitanda cha mwanangu kiko wapi?"

"Hicho hapo chini," nikasema. "Kingine kiko mbele, ndiyo bampa. Kingine kiko juu chini ya godoro. Na kingine ulikuwa umekishika."

Watu wa basi walikuwa wamesogea. Yule mchimbaji akasema, "Ngosha, mwanaume wewe, kumbe unasafiri na chumba kizima. Sasa tandika tulale." Wakacheka mpaka kichuguu kikapungua. Mama mkwe hakucheka. Akageuka kwa binti yake.

"Ng'wanone, mwanangu, wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekasirika tukiwa nyumbani, naye yuko mbali. Nilitaka akuonyeshe mwenyewe, karibu."

Nimeishi na magari makali, sijawahi kuona kitu chenye hesabu kama mke wangu.

Mama mkwe akakaa chini kwenye benchi, akamchukua kuku akampakata. Nilijua anaamua. Akisema ashushwe pale, angerudi kwao kwa miguu na binti yake nyuma yake, na godoro, na ningebaki na Nzagamba langu na sifa zake. Nikaona jinsi benchi lilivyo jembamba kulalia. Nikataka kusema kitu kizuri, na kwa kuwa sijui kusema vizuri nikasema ninachokijua.

"Mama, nilikosa. Nilipenda chuma chake. Dukani hakuna kama kile."

Akamweka kuku kando.

"Washa gari," akasema. "Kwa kuwa kimeshalala matopeni, kifanye kazi."

Nikapanda, nikawasha, nikaachia klachi kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Gurudumu likagusa chuma, likauma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gari likajiinua, likatoka lote na uzito wake, mama mkwe, dagaa na vyote, mpaka ukavuni. Watu wa basi walipiga makofi. Nikarudi kukichimbua kichwa cha kitanda. Kilikuwa kimepinda kidogo upande mmoja. Hakikukatika hata mahali pamoja.

Nilikibeba mpaka mlangoni, na kiburi kikanishika palepale katikati ya aibu.

"Umeona chuma hicho, mama?"

"Nilikiona kabla yako," akasema. "Ndiyo maana nilikinunua."

Kisha akamrudia kuku, na hapo ndipo hukumu ilipotoka. "Kuku, mwambie huyu dereva. Mwanangu hataingia katika ile nyumba mpaka godoro lilale juu ya kitanda changu, chuma kilekile. Sisi tutakaa kwa dada yangu Kahama, siku tatu. Siku ya nne tunarudi Nkome, na ng'ombe zake tutamrudishia."

Siku tatu hizo nililikata Nzagamba mwenyewe. Bampa likatoka, keria ikatoka, nguzo ikatoka. Mama mkwe alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye kigoda mbali kidogo, amenipa mgongo, anachambua karanga, kuku miguuni pake. Nikipumzika kugonga, nasikia, "Kuku, mbona kimya?" Naanza tena.

Mhindi alipita. "Fundi, leo unatengeneza gari gani?"

"La kulalia."

"Linavuta magurudumu mangapi?"

"Mawili, Mungu akipenda."

Mbavu zilikuwa zimepungua kwa kukatwa na miguu imekuwa mifupi. Kitanda kikakaa chini kama cha mgonjwa. Sikuweza kukiacha hivyo, mimi ni mimi. Nililiingia gari, nikachomoa yale majani ya springi ya lori, yote, na mawili nikayafunga chini ya kitanda, huku na huku, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimepinda nikasukumia kabari upande wa kushoto mpaka kikakaa sawa. Gari likashuka, kitanda kikapanda. Siku ya tatu alasiri nikamwita mke wangu.

Akaingia, akaweka godoro, akakaa. Kikashuka kidogo, kikapanda. Akakaa tena kwa nguvu zaidi.

"Nacho umekipandisha," akasema.

"Kidogo."

"Hakilii."

"Nimetia grisi."

Akatoka mlangoni akamwambia mama yake kwamba anabaki. Mama mkwe akaingia kukagua, mimi nikiwa nje. Nilimsikia anatembea kukizunguka, anagusa nguzo, moja, mbili, tatu. Akasimama. Nikajua amefika ya nne. Pale nilikuwa nimeweka kifundo cha mbao nilichokichonga vizuri tu, nikakipaka rangi ya manjano. Akatoka, akamfungua kuku miguu, akamwachia uani kwetu.

Kuku huyo hakuchinjwa. Utamchinjaje anayejua siri zote za nyumba. Alitaga miaka mingi, mara nyingi ndani ya gari.

Siku ya nne nilimrudisha mama mkwe kwao, mke wangu pamoja nasi. Gari lilikuwa uchi, halina bampa wala keria, limelingana na magari mengine, na mama mkwe alipanda kwa kukanyaga kigoda tu. Mbuga ilikuwa imepungua maji, tukapita kando, upande wa mawe, kama watu wengine. Sikufurahi, lakini tulipita.

Mahali pabaya pazia likapeperuka, na upepo ukalishikilia. Nikabadili gia. Mkono wangu ulipoondoka, kifundo cha shaba chenye kibonyeo kilikuwa kimekaa juu ya fimbo ya gia, kinang'aa, nimekikata uzi wa nati na kukizungushia hapo.

Nikakifunika tena kwa mkono, lakini nyuma walishakiona, na kuku hakuwepo wa kutumwa.

"Kifundo," akasema mama mkwe. "Mwambie dereva asikushike kwa nguvu namna hiyo. Wewe ni wa watu."

Nikalegeza mkono.